Pumzi Ndani ya Hita

Ng'ombe ndio waliotangulia kulikataa gari. Kanyshai alipoliingiza taratibu ndani ya zizi, pua mbele, wale ng'ombe watatu wa mama mkwe wake, ambao siku nyingine hulamba chochote kinachosogea karibu yao, hata koti lililotundikwa msumarini, waligeuka mmoja mmoja wakalipa gari mkia. Wakabaki hivyo, nyuso ukutani, masikio yamelala, kama watu waliokutana na mtu wasiyetaka kumsalimu.

"Wamemwona," alisema mama mkwe, Sairagul. Alikuwa amesimama mlangoni, kitambaa cheupe kichwani, na mjukuu kamfungia kifuani ndani ya koti la manyoya.

"Wameona gari, mama. Linanuka mafuta."

"Trekta nalo linanuka mafuta, na wanalilamba."

Kanyshai alikuwa na kazi, na kazi yenyewe haikungoja. Kesho daktari wa vifua vya watoto angefika hospitali ya mji wa Naryn kutoka mji mkuu, na baada ya hapo asingerudi mpaka theluji iyeyuke. Bektur, mwanawe, alizaliwa kabla ya wakati wake, na kifua chake bado kilikuwa kinapiga filimbi kila alipovuta hewa. Kati ya kijiji na mji kulikuwa na mlima, na mlimani kulikuwa na baridi ya kugandisha kope za macho. Gari la mumewe lilikuwa zima, injini inaitika, magurudumu yanashika, ila hita yake ilitoa upepo wa barafu. Mtoto mwenye kifua cha namna ile huwezi kumpandisha mlimani ndani ya friji.

Majirani wenye magari ya joto walikuwapo. Mmoja alisema gari lake limeshajaa, mwingine akasema halijajaa lakini haendi, kisha asubuhi ile ile wakamwona akienda. Hakuna aliyeisema sababu wazi. Bektur alizaliwa barabarani, kwenye kona ya juu kabisa ya mlima, ndani ya gari hili hili, na watu wa pale wanajua ni nani anayewavizia wanawake wanaojifungua mahali kama pale. Wanamwita albarsty, mwanamke wa nywele za manjano. Inasemekana humwibia mzazi mapafu yake na kukimbilia nayo mtoni, akiyatumbukiza majini mzazi anakata roho. Sairagul aliamini kwamba albarsty alipanda gari siku ile na hajateremka.

Kusema kweli, tangu siku ile gari lilikuwa linapumua. Ukizima injini, ukakaa kimya, unasikia kwenye matundu ya hita kitu kikivuta hewa ndani, kikaishikilia, kikaiachia. Kanyshai alijiambia ni chuma kinapoa. Lakini chuma kikipoa hupoa mara moja kikanyamaza. Hiki hakikunyamaza.

Aliweka simu juu ya hori, akaiegemeza kwenye ndoo, akampigia mumewe. Maksat alikuwa Urusi kwenye ujenzi wa maghorofa, na saa ile walikuwa wamekaa kunywa chai. Uso wake ulionekana umejaa vumbi la saruji.

"Haya, fundi," alisema. "Umevaa glavu?"

"Nimevaa zako. Zina matundu."

"Hayo ni madirisha. Sikiliza. Nyuma ya injini, kwenye ukuta, kuna mipira miwili ya maji inaingia ndani. Injini imeshapata moto? Ishike yote miwili."

Kanyshai akainama chini ya boneti. "Mmoja unaunguza. Wa pili baridi kama mkono wa maiti."

"Basi hita imeziba. Maji ya moto yanaingia, hayatoki."

"Imezibwa na nini?"

Maksat akanywa chai yake, akaangalia pembeni, akanywa tena.

"Maksat."

"Niliweka haradali."

"Haradali ipi?"

"Ya unga. Rejeta ilikuwa inavuja, nikamimina haradali izibe tundu. Usinitazame hivyo. Baba alikuwa anaweka, babu alikuwa anaweka kwenye lori la shamba, kila mtu hapo kijijini anaweka."

"Na mkishaweka, hita zenu zinapata moto?"

Maksat akafikiri. "Babu alikuwa anaendesha na blanketi," alikiri.

"Ungeniambia, ningeongeza na vitunguu, tukala."

Alicheka, kisha kicheko kikamfia mdomoni. "Niliiweka asubuhi ile ile," alisema kwa sauti ya chini. "Tuliyokupeleka kujifungua. Ndiyo maana gari lilikuwa baridi vile. Kila siku nafikiria."

"Acha kufikiria. Niambie nianzie wapi."

Akamwambia aanzie na feni, kwa kuwa sauti yake nayo ilikuwa si nzuri, kisha ndipo aifungue mipira na kuisafisha hita. Halafu mkubwa wake wa kazi akaita, na simu ikakatika.

Feni hukaa nyuma ya kisanduku cha dashibodi, mbele ya magoti ya abiria. Kanyshai alizima injini, akalala chali sakafuni mwa gari, bisibisi mdomoni, akafungua skrubu moja baada ya nyingine. Pale chini, kichwa chake kikiwa karibu na matundu, ile pumzi ilikuwa wazi zaidi. Ilivuta. Ilishikilia. Iliachia. Alijikuta anapumua nayo, akajikataza.

Maana kulikuwa na jambo ambalo hajawahi kumwambia mtu. Siku ile kwenye kona, Maksat alikuwa nje kwenye theluji anapunga mikono barabarani kutafuta msaada, na Sairagul alikuwa miguuni pa mzazi anampokea mtoto. Lakini nyuma ya kichwa cha Kanyshai kulikuwa na mtu wa tatu. Alikuwa amelala kwenye mapaja ya mtu. Kulikuwa na mikono mirefu imemshika mabega, na shingoni alisikia pumzi ya vuguvugu, ndani ya gari ambalo vioo vilikuwa vimeganda ndani. Sauti ilimwambia, bila haraka: Vuta. Shikilia. Achia. Nywele za mtu huyo zilimwangukia usoni, na zilikuwa za manjano. Alipopata fahamu hospitali aliuliza yule mama aliyemshika ni nani, mama mkwe akamwangalia kwa hofu kiasi kwamba Kanyshai akasema alikuwa anaota.

Feni ilitoka. Akaigeuza kwenye mwanga wa mlangoni akitarajia kiota cha panya. Kulikuwa na majani makavu, manyoya ya kondoo, na mdudu mmoja aliyekauka. Na kati ya vyote hivyo, umezungushwa kwenye mhimili kama uzi kwenye kijiti, kulikuwa na unywele mmoja.

Aliuvuta. Ukaja. Akauvuta tena, ukaendelea kuja, mpaka ulipozidi urefu wa mkono wake. Ulikuwa wa manjano ya majani ya ngano. Gari lililala nje usiku kucha kwenye barafu, na kila chuma alichokigusa kilikuwa kinang'ata vidole hata ndani ya glavu. Unywele ulikuwa na joto, kama umeng'olewa kichwani sasa hivi.

"Lete," alisema Sairagul.

Kanyshai hakumsikia akikaribia. Alidhani mama mkwe atapiga kelele, au ataleta majani ya mti wa archa ayachome aufukize uovu. Lakini uso wa yule mama ulikuwa umechangamka kama wa mtu aliyeokota pete yake iliyopotea.

"Lete, mwanangu. Sasa tumemshika."

"Tumemshika nani?"

"Aliye na unywele wake ndiye bwana wake. Bibi yangu alinieleza, na yeye alielezwa na bibi yake. Hawezi kuudhuru ukoo wenye unywele wake, mpaka kizazi cha saba. Atatumika. Akiambiwa alinde, analinda." Akauchukua, akauviringa kidoleni, akaufunga kwenye pindo la kitambaa chake cha kichwa, fundo juu ya fundo. "Huyu mtoto sasa ana mlinzi."

Papo hapo pumzi ndani ya gari ikakoma. Ng'ombe wakageuza nyuso zao, wakaanza kutafuna. Kanyshai angefurahi, lakini alikuwa kama mtu aliyezoea sauti ya saa ukutani na ghafla saa imesimama. Na katika kimya kile akasikia kitu kingine. Ndani ya koti la manyoya, filimbi ya kifua cha Bektur ilikuwa imepanda juu kidogo.

"Mama, anapumua vipi?"

"Kama jana. Fanya kazi yako."

Akafanya. Aliiacha injini ipoe, akakinga beseni, akalegeza vibano na kuchomoa mipira yote miwili. Kisha akachemsha maji kwenye birika, akakata chupa ya plastiki ikawa faneli, akaanza kumimina maji ya moto kwa upande wa nyuma, pale ambapo kwa kawaida maji hutokea, ili uchafu urudi ulikotoka. Mwanzoni hayakupita. Alipulizia kwa mdomo, akaonja ukali ulioingia hadi machoni. Akamimina tena, akapulizia tena. Halafu kitu kikaachia ndani, na hita ikatapika.

Ilitoka uji mzito wa manjano, unanuka haradali iliyooza. Ukaja mabonge mabonge, ukajaza beseni, na ulipokuwa ukitoka ulikohoa. Sairagul akageuza uso wa mtoto. Kanyshai aliendelea, birika baada ya birika, mpaka maji yakatoka meupe. Akarudisha feni na mipira, akakaza vibano, akajaza maji mapya yasiyoganda ambayo Maksat aliyaacha stoo, akawasha injini, akafungua hita mpaka mwisho.

Alingoja mikono yake ikiwa mbele ya matundu. Baridi. Baridi. Kisha uvuguvugu, kisha moto. Moto wa kweli, wa kukausha machozi ambayo hakujua yametoka. Akampigia Maksat, mumewe hakupokea, akamtumia sauti tu ya feni inavuma. Baadaye jibu likaja: Maksat alikuwa amewasikilizisha wenzake wote, nao wanauliza kama mkewe anapokea magari ya wateja.

Asubuhi iliyofuata waliondoka kumeshakucha. Hapakuwa na upepo. Theluji na anga vilikuwa na rangi moja, na barabara ilikuwa mstari wa kijivu katikati ya weupe usio na juu wala chini. Sairagul alikaa nyuma na mtoto. Ndani ya gari joto lilikuwa zuri kiasi kwamba alifungua koti.

"Mkono wako ubarikiwe," alisema. "Nilimwambia mwanangu oa binti wa tarishi, atakuwa na akili. Yeye akasema anaoa uzuri. Basi tumepata vyote."

"Mama, jana uliniita kichwa maji kwa kumwaga maziwa."

"Hiyo ilikuwa jana."

Wakacheka. Kanyshai alipanga kumaliza kozi yake ya jioni ya uuguzi mwakani, na kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu akaona inawezekana, kila kitu kinawezekana, hata kumwona Bektur akikimbia na mkoba wa shule. Alikuwa bado anawaza hayo mlima ulipoanza, na vidole vyake juu ya usukani vikaanza kupoa.

Aliweka mkono kwenye tundu. Upepo wa barafu. Akakigusa kitufe cha hita: hakijasogea, kiko kwenye moto. Kioo cha mbele kikaanza kufunga ukungu pembeni, ukungu ukawa barafu, barafu ikawa inatambaa kuelekea katikati. Nyuma, filimbi ya Bektur ilipanda. Kisha ikakatika.

Kisha ikarudi, fupi, kama inayoomba.

"Mama?"

"Anavuta, haachii vizuri," alisema Sairagul, na sauti yake haikuwa ile ya kawaida. Akalishika pindo la kitambaa chake kwa ngumi. "Mlinde," aliamuru mbele yake, hewani. "Nakuamuru mlinde."

Mtoto akavuta, akashikilia. Hakuachia.

Kanyshai alisimamisha gari pale pale, injini inanguruma, pua imeelekea juu. Alipoteremka ndipo akatambua mahali walipo. Ilikuwa kona ile. Akafungua mlango wa nyuma, akamwinua Bektur, akampigapiga mgongoni. Mtoto akaachia pumzi, akalia kilio chembamba. Hakuna kilio kilichowahi kuwa kitamu kama kile.

"Mfungulie, mama," alisema.

"Nani?"

"Unamjua. Fungua fundo."

"Umechanganyikiwa. Nikimwachia, ataondoka na pafu la huyu mtoto."

"Angelitaka angelichukua siku ile. Langu na lake. Nilikuwa nimelala mapajani mwake, mama, hapa hapa. Ndiye aliyekuwa ananipumulisha. Vuta, shikilia, achia. Na tangu siku ile anamfanyia mtoto hivyo hivyo kila tukikaa ndani ya hili gari. Sasa umemfunga, hawezi."

Alitarajia matusi. Sairagul alikaza macho kwenye theluji, pumzi yake ikimtoka mdomoni kama moshi.

"Nilimsikia," alisema hatimaye. "Siku ile. Nilidhani ni wewe unajisemea. Lakini mdomo wako ulikuwa umefungwa."

Akakivua kitambaa. Fundo lilikuwa limeganda, vidole havikuliweza, ikabidi alifungue kwa meno. Kanyshai akamrudishia mtoto, akaenda mbele, akafungua boneti. Maana alikuwa amekumbuka pia jambo jingine: zizini alijaza maji gari likiwa limekaa sawa, na hewa iliyobaki ndani, inayozuia maji ya moto kufika kwenye hita, ilikuwa haijatolewa. Sasa pua ilikuwa juu, na hewa ingepanda ikatoka. Injini ilikuwa bado haijapata moto wa kuchemka. Alizungushia kitambaa kizito kwenye kifuniko cha maji, akasimama pembeni asije akaunguzwa, akakilegeza kidogo kidogo.

Hewa ilitoka. Ilitoka ndefu, nzito, isiyokwisha, kama mtu aliyezuiliwa pumzi tangu jana.

Akageuka. Sairagul alikuwa amenyoosha kiganja wazi, na unywele wa manjano juu yake. Hapakuwa na upepo hata wa kutikisa unyasi. Unywele ukaanza kuondoka. Haukupeperuka. Uliteleza polepole kutoka kiganjani, kuelekea ndani ya gari kupitia mlango ulio wazi, ukinyooka, kama uzi unaovutwa na mshonaji aliye upande wa pili wa nguo. Ukaisha. Sairagul akabaki ameangalia mkono mtupu.

"Nenda ukitaka," Kanyshai alisema kuelekea mlango ule. "Ukitaka kubaki, baki. Hakuna anayekufunga."

Aliongeza maji kidogo, akafunga kifuniko, akateremsha boneti. Ndani ya gari hita ilikuwa inavuma moto. Barafu ya kioo cha mbele ililainika, ikawa machozi, ikatiririka. Ikiwa ni hewa iliyotoka kwenye maji au ni ile iliyotoka kwenye fundo, hakujua, wala hakutaka kujua zaidi ya hapo. Mtoto alikuwa amenyamaza.

Alipoangalia kwenye kioo cha ndani, aliona dirisha la nyuma, upande usio na mtu. Kwenye kioo chake kulikuwa na duara la ukungu, kubwa kama uso. Liliongezeka, likapungua. Likaongezeka, likapungua. Sairagul naye alikuwa analitazama. Midomo yake ilicheza kwa dua, kisha dua ikaisha, na taratibu akalikusanya koti lake na kusogea akatoa nafasi.

Daktari alikuwa mwanamke mfupi mwenye haraka. Alikipasha moto chuma cha kusikilizia kwa viganja vyake kabla hajakiweka kifuani pa Bektur, na Kanyshai akampenda kwa hilo tu. Alisikiliza mbele, akasikiliza mgongoni, akarudi mbele.

"Nilisoma karatasi zake, nikategemea mtoto mwingine," alisema. "Mapafu yamefunguka. Hii filimbi itaisha yenyewe. Mmekuja na nini?"

"Na gari letu."

"Lina hita?"

"Lina hita. Nimeitengeneza mwenyewe."

"Vizuri. Mkingeni na baridi, mnileteeni kukipata joto." Alikuwa ameshachukua kalamu, kisha akasita, akaweka sikio tena. "Ila anapumua kwa namna ya ajabu. Anangoja kidogo, ndipo anavuta. Kama anayemfuata mwenzake."

"Ni vibaya?"

"Hapana," daktari alisema baada ya kufikiri. "Si vibaya."

Uani mwa hospitali vioo vyote vya gari vilikuwa vimeganda vyeupe, isipokuwa pale pale pa duara. Kanyshai aliwasha injini, akakaa mikono kwenye matundu mpaka moto ukaja. Sairagul alifungua mlango wa nyuma na mjukuu mkononi, lakini hakuingia. Alisimama na mguu mmoja ndani, akiwa ametazama kiti, kwa muda mrefu hata watu waliokuwa wakipita wakaanza kugeuka.

"Sogea basi, mwenzangu," aliliambia lile pengo kwa sauti ya kawaida. "Tuna mtoto hapa."

Akangoja kidogo, akaingia, akafunga mlango.